Samaki wa mapambo: asiye na jina hana bei

KATIKA biashara ya samaki wa mapambo lipo boksi ambalo kila mwenye duka analifahamu. Juu yake huandikwa "mchanganyiko". Ndani mna mifuko ya nailoni yenye samaki wadogo wa kijivu, urefu wa kidole au pungufu, ambao muuzaji wa jumla hakuona sababu ya kuwatenga. Bei yake ni ya chini kuliko boksi jingine lolote kwenye orodha. Mnunuzi anayeanza biashara hulichukua kwa sababu hiyo hiyo, na mara nyingi ndilo linalompa hasara ya kwanza.

Hasara hiyo huja kwa njia tatu. Wapo samaki wanaokufa wiki ya kwanza kwa sababu wamewekwa kwenye maji yasiyo yao. Wapo wanaopona, wakakua, wakawala wenzao. Wapo pia, na hawa ndio wanaouma zaidi, ambao walikuwa na thamani kubwa lakini wakauzwa kwa bei ya mchanganyiko kwa kuwa hakuna aliyewatambua.

Soko la dunia la samaki hawa halipimi kwa kilo. Linapima kwa jina, na baada ya jina, kwa mahali alipovuliwa. Singapore ndiyo inayotajwa kwa miaka mingi kuwa msafirishaji mkubwa. Mashamba ya Florida nchini Marekani na wafugaji wa Jamhuri ya Czech nao hutoa kwa wingi samaki ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Ziwa Victoria. Mfugaji wa Czech huwazalisha tangini kizazi baada ya kizazi. Msafirishaji wa Kigoma mwenye gharama za wazamiaji, mifuko ya oksijeni na nauli ya ndege hawezi kushindana naye kwa bei ya samaki wa kawaida. Kinachombakia ni kwamba yeye anajua samaki wake katoka kwenye mwamba upi, na karatasi yake inasema hivyo.

Ndiyo maana kijiji cha Ikola kwenye pwani ya Tanganyika kinajulikana na wafugaji wa samaki wa Ujerumani ambao huenda hawawezi kuutaja mji hata mmoja wa mkoa huo. Huko hupatikana aina ya Tropheus mweusi mwenye mkanda mpana wa njano kiunoni, na sokoni huitwa kwa jina la kijiji. Jamii hiyo ya Tropheus ina spishi chache zilizopewa majina rasmi, lakini rangi zake hubadilika kutoka pwani moja hadi nyingine na kufikia zaidi ya aina 100. Ukiondoa jina la mahali, unabaki na samaki mweusi mwenye njano, na bei yake inashuka hapo hapo.

<b>Chambo Mwanza, jozi Ulaya</b>

Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria jambo hili ni la kushangaza kidogo. Furu ni samaki wa kitoweo cha bei nafuu, au chambo cha ndoano ya sangara. Hakuna anayeuliza ni furu gani. Lakini ziwa hilo lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, na baada ya sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980, inakadiriwa kuwa kiasi cha 200 kati yao walitoweka au kubaki wachache mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofungua kazi yao Mwanza mwaka 1977, waliwaona wakipungua nyavuni mwaka hadi mwaka kabla wengi wao hawajapewa hata jina.

Mmoja aliyepata jina ni maarufu. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka, furu mmoja wa miamba ya eneo la Mwanza alipewa jina la kitaalamu la nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi ya kusimama. Wafugaji wa Ulaya humnunua kwa jina la kisiwa: wa Makobe ni mmoja, wa Ruti ni mwingine, wala hawakubali kuwachanganya. Jike lake ni la rangi iliyofifia, na ukimweka kando ya jike la ndugu yake aitwaye pundamilia, hata mtaalamu husita.

Hapo ndipo boksi la mchanganyiko linapokuwa hatari. Furu wachanga na majike wa spishi mbalimbali hufanana mno. Duka likiwaweka pamoja watazaana, na vizazi vyao ni chotara wasio na jina wala soko miongoni mwa wafugaji makini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa jambo hilo hutokea hata ziwani, pale maji yanapochafuka na majike wakashindwa kuona rangi za madume. Katika maabara, jike aliyechagua dume la spishi yake chini ya mwanga mweupe aliacha kuchagua mwanga ulipofanywa kuwa wa rangi moja. Mwenye duka anayetumia balbu ya manjano ili tangi lipendeze wateja wa jioni anafanya kosa lile lile kwa bili yake ya umeme.

Si soko la hapa tu lililowahi kukosea. Kwa miaka mingi maduka ya Ulaya na Marekani yaliuza samaki mwenye mistari mipana kwa jina la obliquidens wa Ziwa Victoria. Ilikuja kubainika kuwa ni latifasciata, anayetoka maji ya Kyoga na Nawampasa nchini Uganda. Maelfu ya matangi yalikuwa na kibandiko kisicho sahihi, na hadi leo wapo wanaomuuza kwa jina la zamani kwa kuwa wateja wamelizoea.

<b>Pa kuanzia</b>

Mnunuzi mwenye uzoefu haanzi na rangi. Rangi ya samaki aliyesafiri saa 30 gizani haisemi ukweli: hofu humfifisha, na dume aliyenyanyaswa na mwenzake huvaa rangi za jike. Anaanza na umbo, na anahitaji kioo cha kukuzia, tochi yenye mwanga mweupe na uvumilivu.

Kitu cha kwanza ni pua. Samaki wa jamii ya sato, furu na wenzao wa maziwa makuu wana tundu moja la pua kila upande. Samaki wengi wengine wana mawili. Kisha mstari wa ubavuni, ile safu ya vitundu kwenye magamba. Kwa jamii hii mstari huo umekatika, sehemu ya mbele ikipita juu na ya nyuma ikipita chini kuelekea mkiani. Alama hizo mbili zikiwepo, nusu ya kazi imekwisha, maana sasa inajulikana ni ukoo gani. Mwenye ndevu mdomoni na asiye na magamba atafutwe kwa kambale na ndugu zake.

Kitu cha pili ni pezi la mgongoni. Watoto wa sato na perege wana doa jeusi kwenye sehemu laini ya nyuma ya pezi hilo. Doa hili limewaokoa wenye maduka wengi waliolijua. Samaki huyo mdogo akiwa tangini anavutia, ana mistari, anakula kila kitu, na bei yake kwa muuzaji ni karibu na bure. Baada ya miezi michache anajaza tangi, amechimbua mimea yote, na mteja amerudi na ndoo akitaka fedha zake. Bwawani angekuwa mali. Kwenye tangi la sebuleni la lita 60 ni ugomvi.

Kitu cha tatu ni pezi la chini, karibu na mkia. Dume la furu lina pale madoa ya mviringo ya njano au chungwa yanayofanana na mayai. Jike hutaga, hukusanya mayai mdomoni mara moja, kisha huyafuata madoa yale kana kwamba ni mayai aliyoyasahau, na hapo hupokea mbegu za dume. Hubeba vifaranga mdomoni kwa takriban wiki tatu bila kula sawasawa. Samaki aliyevimba koo na anayekataa chakula huenda si mgonjwa. Wapo waliompa dawa jike la namna hiyo wakaua watoto 30 kwa mara moja.

Kitu cha nne ni mdomo. Ulioelekea chini ni wa mlaji wa mwani kwenye mawe au mtafutaji wa vitu mchangani. Ulioelekea juu ni wa samaki wa juu ya maji. Mpana wenye taya refu ni wa mwindaji, na huyo asiwekwe na wadogo zake hata usiku mmoja.

Baada ya hapo huja kuhesabu. Mfano mzuri ni samaki mkubwa wa Tanganyika mwenye nundu kwenye paji la uso, anayejulikana sokoni kama frontosa. Wa Kigoma ana mistari saba meusi ubavuni. Wa sehemu nyingi nyingine wana sita. Mwaka 2003 wale wa kusini mwa ziwa walitengwa kuwa spishi nyingine, gibberosa, na moja ya tofauti ni safu za magamba kati ya sehemu mbili za mstari wa ubavuni: mbili kwa frontosa, tatu kwa gibberosa. Safu moja ya magamba inatenganisha orodha mbili za bei.

Umri nao hudanganya. Duboisi mchanga ni mweusi mwenye vidoa vyeupe kama nyota, na kwa vidoa hivyo huuzwa upesi kuliko wazazi wake. Akikua vidoa hupotea, kichwa huwa cha buluu na mkanda hutokea mwilini. Wa Maswa, upande wa Tanzania, mkanda wake ni mpana na wa njano, naye hutafutwa zaidi. Lakini akiwa mchanga hakuna jicho la kumtofautisha na wa mahali pengine. Hapo kinachomtambulisha ni neno la aliyemvua na karatasi iliyoandikwa siku ile. Karatasi ikipotea, hakuna njia ya kuirudisha.

<b>Maji kwanza, jina baadaye</b>

Wakati jina linatafutwa, samaki lazima aishi. Saa ya kwanza ndiyo inayoua wengi, na sababu yake haionekani kwa macho. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa hewa ukaa, na maji hupata asidi kidogo. Uchafu wake hutoa amonia, ambayo katika maji ya asidi haidhuru sana. Mfuko ukifunguliwa hewa ukaa hutoka, asidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu kali. Mwenye duka anayefungua mfuko, akamimina kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa saa nzima akidhani anamzoesha samaki, anamkaanga polepole.

Wasafirishaji wenye uzoefu hufanya hivi: mfuko huelea juu ya tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, hufunguliwa, na samaki huhamishwa mara moja kwa wavu laini. Maji ya mfuko humwagwa nje. Hakuna chakula siku hiyo.

Tangi lenyewe liwe la karantini, peke yake, na samaki akae humo wiki nne hadi sita. Halihitaji urembo. Kichujio cha sifongo kilichokaa kwenye tangi la zamani ni muhimu kuliko kifaa chochote cha bei mbaya, kwa sababu ndani yake mna bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kuwapata bakteria hao. Vipande vya bomba la plastiki na chungu kilichovunjika hutosha kuwa maficho, na samaki mwenye maficho huonyesha rangi zake mapema kuliko aliye uwanjani.

Kwa samaki asiyejulikana, maji ya katikati ndiyo salama: joto la nyuzi 24 hadi 26 na pH ya 7 hadi 7.8. Wengi huvumilia hapo kwa muda. Ikibainika ni wa Tanganyika, pH ipandishwe taratibu kwa siku kadhaa, kwa maana ziwa hilo lina maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Wa Victoria hawahitaji kwenda mbali hivyo. Wa mito ya Amazon wanataka kinyume chake, maji laini.

Hapa mahali pa duka panahusika. Maji ya Nairobi yanayoshuka kutoka Aberdare ni laini, na samaki wa Tanganyika hawezi kukaa humo bila kuongezewa madini. Visima vya Mombasa na Unguja vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vina maji magumu tayari, ila baadhi vimeingiwa na chumvi na lazima vionjwe kwanza. Vipande vya matumbawe yaliyokufa, vikisafishwa na kuwekwa ndani ya kichujio, hupandisha ugumu wa maji bila gharama ya dawa za madukani. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe saa 24 yakipigwa hewa. Iwapo mamlaka ya maji inatumia kloramini, kuyaacha hakusaidii na inabidi kutia dawa ya kuiondoa.

Kila wiki robo ya maji ibadilishwe. Katika maji yenye pH ya juu amonia ni kali zaidi, kwa hiyo mfugaji wa samaki wa Tanganyika hana ruhusa ya uvivu ambayo mfugaji wa samaki dhahabu huipata.

Chakula kianze kidogo na kiwe cha mimea zaidi. Mlaji nyama atavumilia wiki mbili za chakula hicho. Mlaji wa mwani hatavumilia nyama. Tropheus akilishwa nyama ya ng'ombe au minyoo hujaa tumbo, hukataa kula, hutoa kinyesi cheupe kama uzi, na mara nyingi kundi zima hufuata. Metronidazoli inayouzwa maduka ya dawa za binadamu hutumiwa na wafugaji kwa hali hiyo, ikiwahi. Kwa madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini, kupandisha joto na kutia chumvi ni njia ya kawaida, ila jamii ya kambale asiye na magamba huumizwa na dozi ambayo furu huihimili. Hiyo ni sababu nyingine ya kutotia dawa kabla ya kujua ukoo.

<b>Anapobaki bila jina</b>

Baada ya wiki sita wapo ambao bado hawajatambulika. Biashara ina desturi yake kwa hao. Huandikwa jina la jamii, kisha neno la "spishi" lisilo na jina, na mahali alipotoka iwapo panajulikana. Wafugaji wa Ulaya hununua samaki wa namna hiyo bila wasiwasi, hata kwa bei nzuri, maadamu mahali pametajwa kwa ukweli. Jina la kubahatisha ndilo wanalolikasirikia, na msafirishaji aliyekamatwa nalo mara moja hukuta oda zake zimepungua.

Picha ipigwe ubavu wa kushoto, samaki akiwa ametulia na mapezi yamefunguka, chini ya mwanga mweupe, na rula kando yake. Picha ya wiki ya kwanza na ya wiki ya sita zihifadhiwe pamoja na tarehe, aliyemleta na maji aliyovuliwa. Daftari la shule linatosha. Madume na majike ya kundi moja yasitenganishwe wala kuongezewa wageni mpaka jina lipatikane.

Wasiouzika ni tatizo lao wenyewe. Kambale wa Marekani Kusini mwenye mkia mwekundu hupita urefu wa mita moja, na yule wa Asia anayeuzwa kwa jina la papa wa tangini humkaribia. Wote wawili hufika dukani wakiwa na sentimita tano, na mara nyingi ndani ya boksi lile lile la mchanganyiko. Mteja akiwachoka huwabeba kwenye ndoo hadi mto ulio karibu. Maduka machache yameanza kupokea samaki waliokua na kumpa mteja punguzo kwenye ununuzi mwingine, gharama ambayo hufidiwa na chakula na vichujio anavyoendelea kununua hapo. Kwa mwenye duka la Mwanza au Kisumu, ambaye bomba lake la maji machafu linaishia ziwani, hesabu hiyo ina safu moja ya ziada, na sangara ameshaonyesha jumla yake inavyoweza kuwa.

Kwa wanaoagiza robo ijayo, ushauri wa wauzaji wa jumla haujabadilika: boksi moja la samaki 20 wenye jina na mahali, badala ya matatu ya mchanganyiko, na tangi la karantini liwe limewashwa wiki sita kabla ndege haijatua.